Kumpima Mkimbiaji: Vipimo na Bahati katika Uteuzi wa Wachezaji wa Futiboli ya Kimarekani

Kila mwaka, mnamo mwezi wa Aprili, vilabu 32 vya ligi kuu ya futiboli ya Marekani hukutana ili kugawana vijana wanaotoka vyuo vikuu. Mgawanyo huo hufanywa kwa zamu. Kwa kawaida klabu iliyofanya vibaya kuliko zote katika msimu uliopita huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho, na mzunguko huo hurudiwa mara saba mpaka vijana zaidi ya 250 wamekwisha kupata vilabu. Kijana mwenyewe hachagui, huchaguliwa. Utaratibu huu ulianza mwaka 1936, na mtu wa kwanza kabisa kuteuliwa alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, mkimbiaji aliyekuwa ametunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 1935. Berwanger hakucheza hata mchezo mmoja wa ligi hiyo. Hawakupatana juu ya malipo, naye akaenda zake kufanya kazi nyingine.

Tangu siku hiyo vilabu vimetumia fedha nyingi, saa za kupimia, mizani, madaktari, na siku hizi hata kompyuta, ili kujua ni mkimbiaji yupi atakayefaa na yupi hatafaa. Matokeo yake yanastahili kuchunguzwa na kila mwanafunzi wa fizikia na wa hisabati, kwa sababu hapa tunaona kwa uwazi usio wa kawaida tofauti iliyopo kati ya kupima jambo kwa usahihi na kulitabiri jambo.

Yafaa kwanza tueleze mchezo wenyewe. Futiboli ya Kimarekani si kandanda tuijuayo. Ni jamaa wa karibu wa raga. Mpira wake una umbo la yai na huchukuliwa mikononi. Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani mita 91.4, na kila upande una wachezaji 11. Upande unaoshambulia hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Ukifaulu hupewa nafasi nne nyingine, ukishindwa huupoteza mpira. Katika kila nafasi mpira hufika kwanza kwa kiongozi wa mashambulizi, ambaye huweza kuurusha kwa mwenzake aliye mbele au kumkabidhi mchezaji aliyesimama nyuma. Huyo wa nyuma ndiye tunayemwita hapa mkimbiaji. Mbele yake wamepangwa watu watano wa safu ya mbele, wenye uzito wa kilo 140 hivi kila mmoja, ambao kazi yao ni kuwasukuma wapinzani kando ili upenyo upatikane. Mkimbiaji huuona upenyo, au hauoni, na katika muda wa sekunde mbili au tatu jambo limekwisha: ameangushwa chini, na watu wawili au watatu wamelala juu yake.

Maisha ya kazi hii ni mafupi. Mkimbiaji haruhusiwi kuteuliwa kabla ya miaka mitatu kupita tangu amalize shule ya sekondari, kwa hiyo huingia ligi akiwa na umri wa miaka 21 au 22. Na wengi wao nguvu zao huanza kushuka wakiwa na miaka 27 au 28, umri ambao mwalimu au fundi ndiyo kwanza anaizoea kazi yake. Klabu iliyokosea kuchagua hupoteza fedha na msimu. Kijana aliyewekwa mahali pasipomfaa hupoteza sehemu kubwa ya muda wote alio nao.

Tazama uteuzi wa mwaka 1995. Wa kwanza kabisa kuchaguliwa mwaka huo, kabla ya vijana wengine wote, alikuwa Ki-Jana Carter, mkimbiaji wa Penn State, aliyechukuliwa na Cincinnati. Katika mchezo wa maandalizi, kabla msimu haujaanza, alipokea mpira kwa mara ya tatu tu, na kano ya goti lake ikakatika. Alirudi uwanjani baadaye, lakini katika maisha yake yote ya ligi alipata yadi 1,144. Mwaka huo huo Denver walimchukua Terrell Davis, akiwa wa 196 katika orodha, baada ya vilabu vyote kumpita mara kadhaa. Mwaka 1998 Davis alikimbia yadi 2,008 katika msimu mmoja, na mwaka 2017 aliingizwa katika jumba la watukufu wa mchezo huo. Goti la Carter hakuna mtu angeweza kulitabiri. Lakini Davis je? Ni kitu gani katika mwili wake au katika kumbukumbu zake za chuoni ambacho hakikuonekana mara 195?

Saa na mizani

Kila mwaka, miezi miwili hivi kabla ya uteuzi, vijana zaidi ya 300 huitwa katika mji wa Indianapolis, ambako kambi ya upimaji imekuwa ikifanyika tangu mwaka 1987. Huko hupimwa urefu na uzito, huruka juu na kuruka mbele, hukimbia kwa kugeuka-geuka kati ya vigingi, na huinua chuma cha ratili 225, yaani kilo 102, mara nyingi wawezavyo. Madaktari huwakagua viungo. Kwa maoni yangu ukaguzi huu wa madaktari ndio wenye manufaa kuliko yote, ijapokuwa hauna mvuto wa kutazamwa. Kipimo kinachongojewa kwa hamu ni kingine: mbio za yadi 40, sawa na mita 36.58.

Kwa nini yadi 40? Kocha Paul Brown wa Cleveland, katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, alikuwa miongoni mwa makocha wa kwanza kuwapima wachezaji wao kwa masafa hayo, kwa hoja kwamba ni nadra mchezaji kukimbia zaidi ya hapo kwa mkupuo mmoja. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini inapungua nguvu mara tukikumbuka kwamba wastani wa kukimbia mara moja katika ligi ni yadi 4 na kidogo. Mkimbiaji husimama yadi 6 au 7 nyuma ya mahali mpira unapoanzia. Ukijumlisha, mkimbio wa kawaida wote unaenea katika yadi 10 au 12 za kwanza. Mkimbiaji anayemaliza yadi 40 kwa sekunde 4.5 huweza kutumia sekunde 1.5 katika yadi 10 za mwanzo na sekunde 3.0 katika 30 zilizobaki. Maana yake, mwendo wake wa wastani katika sehemu ya kwanza ni mita 6.1 kwa sekunde, na katika sehemu ya pili ni mita 9.1 kwa sekunde. Kazi yake ya kila siku imo katika sehemu ya kwanza, yaani katika mchapuko, lakini sifa zake hutangazwa kwa jumla ya zote mbili.

Kuna pia swali la saa yenyewe. Huko Indianapolis saa huanzishwa kwa mkono wa mtu anapoona mkimbiaji ametikisika, na husimamishwa na chombo cha elektroniki mkimbiaji anapoukata mstari. Jicho la binadamu likiona jambo, kidole huchelewa kwa kiasi cha sehemu mbili za kumi za sekunde. Katika riadha jambo hili linajulikana sana: muda wa mbio za mita 100 uliopimwa kwa mkono huongezwa sekunde 0.24 kabla ya kulinganishwa na ule wa chombo. Sasa, mtu aendaye mita 9 kwa sekunde hupita karibu mita 1.8 katika sekunde 0.2. Hata hivyo magazeti hulinganisha vijana wawili waliotofautiana kwa sekunde 0.02, kana kwamba tofauti hiyo imo miguuni mwao na si katika kidole cha mpimaji. Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili uwanjani kwa gharama ndogo: awape wanafunzi watano saa za kupimia, wampime mwenzao mmoja katika mbio moja ya mita 40, kisha kila mmoja aandike jibu lake bila kuonyeshana. Mtawanyiko wa majibu hayo matano utawafundisha zaidi kuliko ukurasa mzima wa kitabu.

Muda peke yake hautoshi, kwa kuwa mkimbiaji hukimbia akiwa na mwili wake, na mwili huo ndio unaogongana na wengine. Hebu tuwachukue watu watatu ambao vipimo vyao vinajulikana. Chris Johnson, aliyeteuliwa mwaka 2008, alikuwa na ratili 197 (kilo 89.4) na alikimbia kwa sekunde 4.24. Derrick Henry, wa mwaka 2016, alikuwa na ratili 247 (kilo 112.0) na sekunde 4.54. Saquon Barkley, wa mwaka 2018, alikuwa na ratili 233 (kilo 105.7) na sekunde 4.40. Tukigawanya mita 36.58 kwa muda wa kila mmoja, tunapata mwendo wa wastani wa mita 8.63, 8.06 na 8.31 kwa sekunde. Momenta, yaani masi ikizidishwa na mwendo, ni karibu 771 kwa Johnson, 903 kwa Henry na 879 kwa Barkley, katika kilo-mita kwa sekunde. Johnson, mwepesi kuliko wote, ndiye wa mwisho katika momenta. Mlinzi anayetaka kumsimamisha ana kazi ndogo zaidi, almuradi amfikie.

Mwaka 2008 mwandishi wa takwimu za futiboli, Bill Barnwell, alipendekeza kanuni ya kuunganisha saa na mizani. Zidisha uzito wa mkimbiaji kwa ratili mara 200, kisha ugawe kwa muda wake wa yadi 40 uliopandishwa hadi kipeo cha nne. Alama ya wastani ni 100 hivi. Kwa kanuni hii Barkley anapata 124.3, Johnson 121.9 na Henry 116.3, mwanafunzi na ahakikishe mwenyewe. Msomaji makini atauliza: kipeo cha nne kimetoka wapi? Nishati mwendo hutumia kipeo cha pili cha mwendo, na momenta hutumia kipeo cha kwanza. Hakuna sheria ya fizikia hapa inayodai kipeo cha nne. Jibu ni kwamba kanuni hii haikutoka katika fizikia bali katika kumbukumbu za wakimbiaji waliopita. Uzito wa Henry unazidi ule wa Johnson kwa asilimia 25, lakini muda wake unazidi kwa asilimia 7 tu. Bila kukuza tofauti ya muda, uzito ungemeza kila kitu. Asilimia 7 ikipandishwa hadi kipeo cha nne inakuwa asilimia 31, na hapo mizani na saa huanza kusikilizana. Kanuni za namna hii si uongo. Ni kanuni za uzoefu, na zinafaa kutumiwa kwa kujua kwamba zimetoka huko.

Kuna wakati saa na mizani zilikuwa karibu ushahidi wote uliokuwapo. Christian Okoye, Mnigeria, alikwenda Marekani kama mrusha kisahani, akasoma katika chuo kidogo cha Azusa Pacific huko California, na huko ndiko alikoanza kuucheza mchezo huu ambao hakukua nao. Alikuwa na kilo 118 hivi na mbio za mtu mwembamba. Wapinzani wa chuo chake walikuwa wadogo mno kuwa kipimo cha haki. Kansas City walimchukua mwaka 1987 akiwa wa 35, na mwaka 1989 aliongoza ligi nzima kwa yadi 1,480. Msimu wake wa mwisho ulikuwa 1992.

Yadi za nani?

Kwa vijana wengi, hata hivyo, kuna kumbukumbu ya miaka miwili au mitatu ya chuoni: wamekimbia mara ngapi, wamepata yadi ngapi. Mtu asiyezoea takwimu atasema kwamba hapa hapana tena haja ya saa. Aliyepata yadi nyingi ndiye bora. Ron Dayne wa Wisconsin alimaliza chuo mwaka 1999 akiwa na yadi nyingi kuliko mkimbiaji yeyote aliyemtangulia katika daraja la juu la vyuo, akapewa tuzo ile ile aliyoipata Berwanger, na mwaka 2000 akachukuliwa na New York Giants akiwa wa 11. Katika misimu saba ya ligi hakufikisha yadi 1,000 katika msimu wowote.

Tatizo la kwanza ni wastani wenyewe. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkimbiaji A amekimbia mara 20: mara 19 amepata yadi 3, na mara moja amepenya na kupata yadi 63. Jumla ni yadi 120, wastani ni 6. Mkimbiaji B amekimbia mara 20 na kila mara amepata yadi 5. Wastani ni 5. Kwa wastani A ndiye bora. Lakini kumbuka kwamba timu inatafuta yadi 10 katika nafasi nne. Kwa B nafasi mbili zinatosha kila wakati. Kwa A, karibu kila mara, nafasi tatu zinaishia kwenye yadi 9. Mikimbio ya kweli inafanana na ya A zaidi kuliko ya B: mingi ni mifupi, michache ni mirefu sana, na hiyo michache ndiyo inayouvuta wastani juu.

Tatizo la pili ni uchache wa sampuli. Mtawanyiko wa yadi kutoka mkimbio mmoja hadi mwingine ni mkubwa. Tukiuchukua mkengeuko sanifu kuwa yadi 6, hatutakuwa mbali na hali halisi. Kijana aliyekimbia mara 200 katika msimu ana wastani wenye kosa la 6 likigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 200, yaani yadi 0.42. Ukiwalinganisha vijana wawili wa namna hiyo, kosa la tofauti yao linafika 0.6. Kwa hiyo mmoja akiwa na wastani wa 4.8 na mwingine 5.4, bahati peke yake ingeweza kuleta tofauti kubwa kama hiyo, au kubwa zaidi, takriban mara moja katika kila tatu, hata kama wawili hao wangekuwa sawa kabisa kwa uwezo.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote. Mkimbiaji hapati yadi peke yake. Zile yadi mbili au tatu za mwanzo, kabla hajaguswa na mpinzani, ni kazi ya wale watu watano wa mbele kwa sehemu kubwa. Wapo vijana wanaokimbia nyuma ya safu yenye nguvu dhidi ya vyuo dhaifu, na wapo wanaogongwa hata kabla hawajauona upenyo. Ndiyo maana watafuta vipaji wazuri hawahesabu yadi tu. Hutazama picha za michezo, wakihesabu yadi zilizopatikana baada ya mkimbiaji kuguswa, na ni walinzi wangapi waliomkosa. Hutazama pia mambo yasiyoingia katika jedwali: kama anajua kungoja nusu sekunde ili upenyo ufunguke, kama hudaka mpira anaporushiwa, na kama yuko tayari kujiweka kati ya adui na kiongozi wa mashambulizi wakati mpira hauko mikononi mwake. Hili la mwisho vyuoni halionekani mara nyingi, lakini mara nyingi ndilo linaloamua kama kocha wa ligi atamwamini kijana mgeni.

Mtego wa waliochaguliwa

Mwaka 2008 watafiti wawili, Kuzmits na Adams, walichapisha uchunguzi wao juu ya kambi ya upimaji. Waliuliza kama vipimo vya Indianapolis vinahusiana na kazi anayoifanya mchezaji baadaye. Jibu lao, kwa jumla, lilikuwa kwamba hawakuona uhusiano wa kudumu, isipokuwa mahali pamoja: vipimo vya mbio kwa wakimbiaji. Basi mbio zina maana kwa mkimbiaji, ingawa si maana kubwa kama inavyodhaniwa na watazamaji.

Uhusiano dhaifu wa namna hii usomwe kwa uangalifu. Mwalimu wa kidato cha tano anaufahamu mtego huu hata kama hajaupa jina. Wanafunzi waliomfikia wote wamechujwa kwa alama za mtihani; wenye alama za chini hawamo darasani. Akilinganisha alama zile za zamani na maendeleo ya sasa, ataona uhusiano hafifu, na huenda akasema kwamba mtihani haukuwa na maana. La hasha. Mtihani umekwisha kufanya kazi yake mlangoni. Hali kadhalika, mkimbiaji anayetumia sekunde 5.2 kwa yadi 40 hamwoni mtu Indianapolis, kwa sababu hakualikwa.

Mtego mwingine unaelekea upande wa pili. Aliyechaguliwa mapema ni mali ya thamani, kwa hiyo hupewa mpira mara nyingi hata anapocheza vibaya. Aliyechaguliwa mwisho hupewa mara chache, na akikosea mara mbili huondolewa. Baadaye, mtu anapojumlisha yadi, huona kwamba waliochaguliwa mapema wana yadi nyingi, naye husema vilabu vilichagua vizuri. Mwaka 2012 Cleveland walimchukua Trent Richardson akiwa wa 3. Katika msimu wake wa kwanza alipewa mpira mara 267 na kupata yadi 950, wastani wa 3.6. Septemba 2013 aliuzwa kwa Indianapolis, na alipoondoka katika ligi wastani wake wa maisha ulikuwa yadi 3.3. Katika uteuzi ule ule wa 2012, Washington walimchukua Alfred Morris akiwa wa 173. Naye katika msimu wake wa kwanza alikimbia mara 335 na kupata yadi 1,613, wastani wa 4.8.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Morris alikuwa bora na watafuta vipaji walikuwa vipofu. Lakini Morris alicheza pamoja na kiongozi wa mashambulizi, Robert Griffin, ambaye mwenyewe alikuwa na mbio za ajabu, na walinzi hawakuthubutu kumwacha Griffin ili wamwandame Morris. Nusu sekunde ya kusitasita kwao ilikuwa upenyo wa Morris. Kwa hiyo tunarudi kwenye swali lile lile: yadi za nani?

Arian Foster hata kuteuliwa hakuteuliwa. Uteuzi wa mwaka 2009 ulipita bila jina lake kusomwa. Mwaka 2010 aliongoza ligi kwa yadi 1,616. Hatuwezi kujua ni wangapi waliokuwa kama yeye ambao hawakupata klabu ya kuwajaribu, kwani asiyejaribiwa haachi kumbukumbu.

Hesabu ya mwili

Tumeona momenta. Tutazame sasa nishati. Barkley akiwa katika ule mwendo wake wa wastani wa mita 8.31 kwa sekunde ana nishati mwendo ya jouli 3,650 hivi. Ni sawa na gunia la kilo 100 linaloanguka kutoka urefu wa mita 3.7. Mara nyingi mkimbiaji hagongwi akiwa katika mwendo kamili, na nishati yote haiishii katika mwili wake; lakini msimu una michezo 17 na yeye huweza kugongwa mara 15 au 20 katika kila mmoja. Magoti, mabega na ubongo hutunza hesabu hiyo.

Hapa kuna fumbo ambalo sijaona mtu akilifumbua vizuri. Ashton Jeanty wa Boise State alikimbia mara 374 katika msimu wa 2024 na kupata yadi 2,601, pungufu kwa yadi 27 tu ya rekodi ya Barry Sanders ya mwaka 1988, ingawa Sanders aliiweka kwa michezo michache zaidi. Tarakimu hiyo ya 374 ina sura mbili. Ni ushahidi kwamba kijana anaweza kubeba kazi nzito, na ni ushahidi kwamba kazi nzito imekwisha kubebwa. Mwaka 2025 Las Vegas waliamua kuitazama sura ya kwanza, wakamchukua akiwa wa 6.

Vilabu vingi vimeitazama ya pili. Mwaka 2013 hapakuwa na mkimbiaji hata mmoja aliyechaguliwa katika mzunguko wa kwanza, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1963. Mwaka 2014 likarudiwa. Isitoshe, tangu makubaliano ya mwaka 2011 malipo ya mkataba wa kwanza, wa miaka minne, hupangwa kwa namba ya uteuzi, na klabu ina haki ya kumwongeza mwaka wa tano aliyechaguliwa katika mzunguko wa kwanza. Baada ya hapo klabu yaweza kumzuia mchezaji kwa mwaka mmoja zaidi kwa malipo maalumu. Mkimbiaji anayetaka kujadili bei ya kazi yake kwa uhuru huweza kujikuta na miaka 26 au 27, wakati ule ule ambao takwimu zinamwambia mwajiri kwamba nguvu za watu wa kazi hii hupungua. Mwaka 2018 Le'Veon Bell wa Pittsburgh alikataa kucheza msimu mzima kuliko kukubali kuzuiwa kwa njia hiyo. Mwaka 2023 wakimbiaji watatu mashuhuri, Barkley akiwamo, walizuiwa kwa dola milioni 10.1 na hawakupata mikataba mirefu waliyoitaka. Takwimu zinazompima kijana siku ya uteuzi ndizo pia zinazompangia siku ya kuondoka.

Mtu yule yule, safu nyingine

Katika miaka ya karibuni vyombo vidogo vya redio vimewekwa ndani ya kinga za mabega za wachezaji wa ligi, na mahali alipo kila mmoja huandikwa mara 10 kwa sekunde. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kuuliza swali la mkimbiaji kwa njia ya haki: pale anapokabidhiwa mpira, kwa jinsi wachezaji wote 22 walivyosimama na wanavyokwenda, mtu wa kawaida angetarajiwa kupata yadi ngapi? Ligi ililiweka swali hilo katika shindano la hadhara lililomalizika mapema mwaka 2020. Walioshinda walikuwa wataalamu wawili wa takwimu kutoka Austria, ambao futiboli hii haikuwa fani yao. Walijenga hesabu iliyotegemea zaidi umbali na mwendo wa kila mlinzi kwa kulinganisha na mkimbiaji na wenzake. Tangu hapo tofauti kati ya yadi zilizopatikana na zilizotarajiwa imekuwa kipimo cha kawaida. Ni hatua kubwa, ingawa baada ya mpira kukabidhiwa wale watano wa mbele huendelea kusukuma, na jasho lao bado huandikwa kwa jina la mwenye mpira.

Mfano bora wa haya yote ni Barkley mwenyewe, aliyeteuliwa wa 2 mwaka 2018. Mwaka 2023, akiwa New York Giants, nyuma ya safu iliyoruhusu viongozi wake wa mashambulizi kuangushwa mara 85 katika msimu mmoja, alikimbia mara 247 na kupata yadi 962, wastani wa 3.9. Mwaka 2024 alihamia Philadelphia, akiwa na umri ule ule wa miaka 27 unaoogopwa. Huko alikimbia mara 345 na kupata yadi 2,005, wastani wa 5.8, na ukijumlisha michezo ya mwisho ya ubingwa alifikisha yadi 2,504, akiivunja rekodi ya 2,476 ambayo Terrell Davis, yule wa 196, aliiweka katika msimu wa 1998.

Je, yawezekana hiyo ni bahati tu? Tutumie kipimo tulichokwisha kukipata. Kosa la wastani wa 2023 ni 6 likigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 247, yaani 0.38, la 2024 ni 0.32, kosa la tofauti yao ni karibu 0.5. Tofauti yenyewe ni yadi 1.9, sawa na karibu mara nne ya kosa hilo. Bahati haiwezi kufika huko kwa urahisi. Kitu fulani kilibadilika, na haielekei kuwa ni miguu ya mtu aliyezidi umri kwa mwaka mmoja. Mbele yake sasa alisimama, miongoni mwa wengine, Jordan Mailata, Mwaustralia mcheza raga ambaye hakuwahi kucheza mchezo huu kabla Philadelphia hawajamchukua mwaka 2018 akiwa wa 233. Kando yake alikuwapo Jalen Hurts, kiongozi wa mashambulizi ambaye walinzi hawawezi kumwacha bila kumwangalia. Mambo haya yalibadilika yote kwa pamoja katika msimu mmoja, kwa hiyo hesabu yetu, inayotuambia kwa uhakika kwamba mabadiliko yalikuwapo, haiwezi kuzigawa zile yadi 1.9 kati ya Mailata, Hurts na Barkley.